Kabla Hujaiuza, Iinamishe Kwenye Mwanga: Maswali Yenu Kuhusu Kadi za Besiboli Zenye Saini

Toleo lililopita nilieleza kadi za besiboli ni nini: vipande vya karatasi ngumu vyenye ukubwa wa karata, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Nikasema pia kwamba kadi adimu iliyosainiwa na mchezaji mwenyewe inaweza kufika bei ya nyumba. Sikutegemea maswali mengi kiasi hiki, hasa kutoka Kigoma. Majina yenu nimeyaacha kwa makusudi, maana mwenye kitu cha thamani kabatini hana sababu ya kutangazwa. Na kwa wanaouliza kama nanunua: mimi ni mstaafu wa Posta hapa Tabora, si dalali. Sinunui wala siuzi kadi ya mtu.

Shikamoo Mama. Baba yangu alisoma sekondari hapa Kigoma mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mwalimu wake Mmarekani, wa kujitolea, alimwachia kadi siku anaondoka. Ina kijana mweusi ameinama na gongo la kupigia mpira, jina Rickey Henderson, na saini yake iko mbele. Nyuma kuna namba 482. Mjomba anasema ni mamilioni, tumpe akaiuze Dar. Ni kweli? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

Marahaba, mwanangu. Kwanza kadi ibaki kwa baba yako. Mjomba asubiri.

Kadi hiyo ilitolewa na kampuni ya Topps mwaka 1980, na Henderson ndiyo alikuwa anatokea kwenye kadi zao kwa mara ya kwanza. Kadi ya kwanza ya mchezaji aliyekuja kuwa mkubwa hutafutwa kuliko zote zinazofuata, na huyu alikuwa mkubwa hasa. Katika besiboli mchezaji anaweza kuiba kituo, yaani kukimbia kutoka kituo kimoja kwenda kingine wakati mpinzani anarusha mpira. Henderson aliiba vituo 1,406 katika maisha yake ya uchezaji, na anayemfuatia, Lou Brock, ana 938. Alifariki Desemba 2024, kwa hiyo saini zake zilizopo ndizo hizo hizo.

Sasa saini yenu. Mwaka ule Topps walichapa nakala ya saini ya mchezaji mbele ya kadi, kiwandani, pamoja na picha. Ninaamini hiyo ndiyo mliyonayo. Usinikubalie kwa maneno, hakikisha mwenyewe. Tafuta mtandaoni picha ya kadi ileile, Topps 1980 namba 482, uiweke kando ya ya kwenu. Kama saini imekaa mahali palepale na kila kona ya herufi inafanana, imechapwa. Hakuna binadamu anayesaini mara mbili bila tofauti hata ndogo.

Halafu nenda kwa fundi saa, muombe kile kioo chake cha jichoni. Saini ya mkono ina maisha: mahali mistari miwili inapokatana wino unakolea, mwanzo wa herufi una uzito, mwisho unachomoka kwa wembamba. Iliyochapwa ni bapa mwanzo hadi mwisho. Mwisho inamisha kadi kwenye mwanga wa dirisha. Wino wa kalamu unakaa juu ya karatasi na unang'aa kwa namna yake. Wa kiwandani unang'aa sawa na kadi nzima. Ukiwa unatazama hivyo, angalia kama kuna saini ya pili, ya kalamu, imepita juu ya picha. Wapo waliowapelekea wachezaji kadi za namna hii wakasainiwa juu ya ile iliyochapwa, na hiyo itakuwa habari nyingine kabisa.

Hata bila saini ya mkono kadi yenu ina thamani. Iliyokaa bila mkunjo wala doa tangu 1980, ikapewa alama ya juu kabisa na wakaguzi, yaani kampuni zinazozipima kadi, ni mali nyingi sana. Iliyokaa kwenye sanduku la bweni, kona zimelika, inahesabiwa kwa makumi ya dola. Hapo mamilioni ya mjomba hayapo, hata ukihesabu kwa shilingi.

Kuna kazi moja nakuomba uifanye wiki hii baba akiwa mzima na kumbukumbu zake. Mkalishe, aandike kwa mkono wake: mwalimu aliitwa nani, alifundisha somo gani, shule gani, mwaka gani, aliitoa kadi kwa maneno gani. Aweke tarehe na saini yake yeye. Kama kuna picha ya darasa yenye mwalimu huyo, iwekwe pamoja. Kwenye biashara ya saini, kitu kisicho na historia ya kilikotoka kinashukiwa kwanza, na historia hiyo haiwezi kutengenezwa baadaye mashahidi wakishaondoka.

Habari Mama. Nina steshenari Kasulu. Mteja kaniletea kadi ya zamani yenye saini nimpigie laminesheni isiharibike. Nilikuwa nimesoma ukurasa wako nikamwambia arudi kesho. Nifanye au nisifanye?

Usifanye! Umemwokoa mtu huyo kwa kusita kwako. Ile mashine inayeyusha gundi ya plastiki kwa joto na kuishindilia kwenye karatasi, na hakuna namna ya kuibandua bila kuchuna picha na wino. Saini ya makapeni inaweza hata kutawanyika. Kadi iliyopigwa laminesheni imeharibika, na mkaguzi yeyote ataihesabu hivyo.

Wakusanyaji huivalisha kadi nguo mbili: kimfuko laini cha plastiki safi, kisha ganda gumu la plastiki nje yake. Ndugu akija kutoka ng'ambo aje navyo, bei yake ni ndogo. Kasulu visipopatikana, mwambie mteja wako aiweke kwenye bahasha nyeupe mpya, ndani ya kitabu chenye jalada gumu, kitabu kilale ndani ya bati lenye mfuniko. Asiibandike kwenye zile albamu za picha zenye kurasa za kunata. Asitumie plastiki laini inayonuka, kwa sababu plastiki hiyo inatoa mafuta na hatimaye inashikana na wino. Rababendi hukata kingo, selotepu huacha doa la njano, na pini sihitaji kuisemea.

Jua ndilo adui mkubwa wa saini, hasa ya makapeni. Fremu ukutani mkabala na dirisha inaifuta taratibu, na siku unapogundua imebaki kivuli. Kigoma mna unyevu wa ziwa na mvua ndefu, basi vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu msivitupe, wekeni viwili vitatu ndani ya bati. Sisi Tabora shida yetu ni vumbi na mchwa, kwa hiyo bati likae juu ya rafu, mbali na ukuta na mbali na sakafu.

Na saini ikishafifia, iacheni imefifia. Mtu akipitisha kalamu juu yake ili ionekane vizuri, saini ya mchezaji imekwisha na imebaki ya aliyeshika kalamu.

Shikamoo Mama. Kaka yangu ameona mtandaoni kadi iliyosainiwa na Babe Ruth, dola 300, na ina cheti cha uhalisi chenye muhuri wa dhahabu. Saini ni nyeusi, nene, ya makapeni. Muuzaji anataka nusu itangulie kwa simu. (Isevya, Tabora)

Marahaba. Mwambie kaka yako asitume hata shilingi.

Babe Ruth, gwiji wa besiboli, alifariki tarehe 16 Agosti 1948. Makapeni ya aina ya Sharpie, ambayo wachezaji wa leo wanaisainia karibu kila kitu, iliingia sokoni mwaka 1964. Marehemu hakuishika. Hata peni hizi tunazozijua, zenye gololi ndogo kwenye ncha, zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945, kwa hiyo saini nyingi za Ruth ni za kalamu ya wino wa kuchovya au kujaza, au za penseli. Lou Gehrig, mwenzake wa New York Yankees, alifariki 1941: ukiletewa saini yake ya peni ya gololi, rudisha bila kubishana.

Hesabu ya miaka ndiyo silaha ya mtu maskini, kwa sababu haihitaji mashine. Linganisha mwaka wa kadi, mwaka wa kalamu na mwaka wa kifo. Roberto Clemente alikufa kwa ajali ya ndege usiku wa tarehe 31 Desemba 1972, akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Nikaragua. Topps walitoa kadi yake mwaka 1973, na kadi hiyo yeye hakuwahi kuiona. Mwenye kuuza ya 1973 iliyosainiwa na Clemente anauza uongo, hata saini iwe nzuri vipi.

Sasa cheti. Cheti ni karatasi, na karatasi hata steshenari ya Kasulu inaweza kukuchapia. Miaka ya 1990 FBI huko Marekani waliendesha upelelezi walioupa jina Operation Bullpen, wakaukamata mtandao wa waghushi wa saini za wanamichezo, na bidhaa feki nyingi zilikuwa zinatembea na vyeti vyake. Baada ya hapo, mwaka 2001, ligi kuu ya besiboli ilianzisha utaratibu wake: shahidi anakuwepo wakati mchezaji anasaini, kisha kitu kinabandikwa stika maalumu yenye namba. Kwa kadi zilizosainiwa zamani wapo wakaguzi wanaoaminika zaidi, PSA, JSA na Beckett. Kila kitu walichokipitisha kina namba, na namba hiyo unaiingiza mwenyewe kwenye tovuti yao, si kwenye kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Ukiona picha kwenye tovuti, linganisha na kadi yenyewe alama kwa alama, kwa sababu wapo wanaoiga ganda la plastiki ambalo mkaguzi hufungia kadi, na kunakili namba ya kadi halali.

Kuna kadi ambazo saini yake haina maswali mengi, zile zilizotoka kiwandani zimeshasainiwa na kufichwa kwenye pakiti za kadi. Kampuni ya Upper Deck ilianza mwaka 1990: Reggie Jackson alisaini kadi 2,500, kila moja na namba yake, zikatawanywa kwenye pakiti nchi nzima. Leo kampuni zote zinafanya hivyo, na nyuma ya kadi huandikwa kwamba saini imethibitishwa na kampuni. Ile ya Mike Trout, ya mwaka 2009, yenye saini yake na iliyotolewa moja tu duniani, iliuzwa mwaka 2020 kwa dola milioni 3.9. Ukikutana na kadi za namna hii, angalia kama mchezaji ameandika kwenye kadi yenyewe au kwenye kistika kinachong'aa kilichobandikwa. Zote ni halali, ila mimi moyo wangu uko kwa ile ambayo mkono wa mchezaji umeigusa, na bei za minadani kwa kawaida zinakubaliana nami.

Kadi ya kweli ya Ruth yenye saini yake inauzwa maelfu mengi ya dola. Kwa dola 300, muuzaji mwenyewe amekwisha kukuambia anachouza.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tabora. Nataka kumwandikia mchezaji Marekani anisainie kadi. Inawezekana, au ni ndoto?

Marahaba, mjukuu wangu. Inawezekana, na swali lako limenigusa kwa sababu ni kazi ya bahasha na stempu, kazi niliyoifanya hadi nikapewa mkono wa kwaheri.

Barua haiendi nyumbani kwa mchezaji, inaandikiwa kwenye uwanja wa timu yake, jina lake likitangulia. Anwani ya uwanja ipo kwenye tovuti ya timu. Msimu mzuri ni Februari na Machi, timu zinapokuwa kambini Arizona na Florida na wachezaji wana nafasi. Barua yako ifike mikononi mwao kipindi hicho, kwa anwani ya kambi, kwa hiyo iposti mapema, Desemba au mwanzo wa Januari. Chagua kijana anayechipukia. Nyota mkubwa anapokea magunia ya barua, na wengine majibu yao yanasainiwa na msaidizi au kwa muhuri.

Andika kwa mkono, ukurasa mmoja, Kiingereza chako hichohicho cha kidato cha tatu. Sema wewe ni nani, uko wapi, unapenda nini kwenye uchezaji wake. Omba saini moja. Weka kadi moja, mbili zikizidi, na ziwe za kawaida. Za namna hiyo huuzwa chini ya dola moja, ndugu aliyeko huko anaweza kukununulia. Kadi ya zamani iliyo safi kabisa usiitume isainiwe. Ile ya Mickey Mantle ya 1952 iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 haikuwa na saini ya mkono hata kidogo. Iliuzwa bei hiyo kwa usafi wake.

Panapokwamisha wengi ni bahasha ya kurudishia. Ndani ya barua unaweka bahasha nyingine yenye anwani yako, na hiyo itapostiwa Marekani, kwa hiyo stempu ya Tanzania haitafaa. Huko kuna stempu ya duara inayoitwa Global Forever: moja inabeba barua ya wakia moja, yaani gramu 28, kwenda nchi yoyote. Muombe ndugu au mwalimu mwenye mtu huko akupatie moja. Gramu 28 zinatosha kadi na kipande chembamba cha karatasi ngumu ya kuikinga. Ukiweka boksi nene bahasha haipindiki kwenye mashine na wanadai nyongeza.

Andika TANZANIA peke yake kwenye mstari wa mwisho, herufi kubwa. Na tafadhali usitumie S.L.P. ya shule! Majibu huchukua miezi, mengine mwaka na zaidi. Wewe utakuwa umemaliza kidato cha nne na bahasha yako itazunguka ofisi ya mkuu hadi ipotee. Tumia sanduku la mzazi, la msikiti, la parokia, la mtu asiyehama.

Bahasha ikirudi, fungua kwa mkasi upande mmoja na usiitupe. Ule mhuri wa posta wenye tarehe na mji ni ushahidi wako. Itunze pamoja na kadi na nakala ya barua uliyoandika.

Sisi Urambo tunalima tumbaku. Nimesikia kadi ghali za besiboli zilitoka kwenye pakiti za sigara. Kweli?

Kweli tupu. Kampuni ya American Tobacco iliweka kadi ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Zilizuia pakiti kukunjika na zilimfanya mnunuzi arudi. Seti hiyo inaitwa T206. Ya Honus Wagner wa Pittsburgh ilisitishwa mapema kwa sababu hakuridhia itumike. Wapo wasemao hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate picha yake, wapo wasemao alitaka alipwe. Zinazojulikana kubaki hazifiki mia, na moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022.

Jina T206 lilitolewa na Jefferson Burdick, na huyu ndiye ninayemheshimu kuliko matajiri wote wa minadani. Aliugua viungo hadi vidole vikakakamaa, lakini alizipanga na kuzibandika kadi na picha zaidi ya 300,000, akazitoa bure kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Alimaliza kazi hiyo mwanzoni mwa 1963, akafariki mwaka huohuo.

Marehemu babu alikuwa akiwaongoza watafiti Wajapani wa sokwe kule Mahale. Ameacha kadi ya besiboli yenye maandishi ya Kijapani na mchoro wa kalamu juu ya picha. (Uvinza)

Poleni kwa msiba. Japani wanacheza besiboli kuliko watu wengi wanavyodhani, na kampuni ya Calbee imekuwa ikitoa kadi pamoja na vitafunwa vyake tangu 1973. Tafuta neno Calbee kwenye kadi. Piga picha upande wa nyuma, simu itakutafsiria jina na mwaka. Mchoro unaweza kuwa saini, maana Wajapani wengi husaini kwa michirizi isiyosomeka na kuongeza namba ya jezi. Ukiona 1 na jezi ya Giants ya Tokyo, niandikie haraka, kwa sababu ndiyo namba ya Sadaharu Oh aliyepiga hom rani 868, yaani mipigo inayovuka uzio wa uwanja. Majina ya watafiti aliofanya nao kazi yaandikeni kwenye karatasi ya pembeni. Nyuma ya kadi msiandike chochote.

Mama, kwa nini tuhangaike na Wamarekani? Wachezaji wetu hawana mikono? (Ujiji)

Wanayo, na nimengoja swali hili. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika hapo kwenu. Taddeo Lwanga akafunga bao pekee, Simba wakabeba kombe. Mji ulijaa wachezaji siku nzima. Sijui kama tulikumbuka kubeba kalamu. Timu ikija tena Kigoma, au hapa Ali Hassan Mwinyi, nenda na picha ya mchezaji iliyosafishwa studio na peni nzuri, muombe asaini kwenye eneo jeupe, mwenzako apige picha mchezaji akiwa ameshika kalamu, na jioni ileile andika tarehe, mechi na matokeo kwenye daftari. Mwenye saini ya Lwanga ya siku ile ya fainali aniandikie kupitia gazeti hili. Ningependa kuiona.